Salamu Nilizotoa Nikiwa Chini ya Mgomba

Siku niliyosimama kutoa ushuhuda huu, katika ukumbi wa akina mama wa usharika wetu hapa Kanazi, waliokuwepo ni hawa. Mbele alikaa mwenyekiti, Ma Jenitha, ambaye mama yake na mimi tulibatizwa siku moja. Kulia kwake alikaa wifi yangu Kokushubila, dada mkubwa wa marehemu mume wangu Zakaria, ambaye hakuna anayejua umri wake na hakuna anayethubutu kuuliza. Akafuata Ma Dativa, jirani yangu ambaye tunatenganishwa na njia tu. Dativa ni Mkatoliki, na siku ile hakuja kwa Walutheri kusikiliza neno, alikuja kuhakikisha kwamba simsingizii. Karibu na dirisha alikuwepo Asimwe, binti wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali, mjukuu wa mzee Rwegasira wa Rubafu. Ukoo wake nilimuuliza mwenyewe, maana siwezi kumpa mtu mgongo wangu bila kujua ametoka kwa nani. Nyuma kabisa walikaa wanangu wawili: Anagrasia aliyeolewa Kimwani kule Muleba, na Projestus wa Mwanza, ambaye alikaa karibu na mlango kama mtu mwenye gari linalomsubiri. Waliobaki ni wazee wenzangu wa migongo inayouma. Nawakumbuka wote kwa majina na kwa koo zao, ila karatasi ni chache.

Nimeombwa kuandika nilivyosema, kwa sababu waliokaa nyuma hawakusikia vizuri kwa kicheko cha waliokaa mbele.

Kabla sijaanza, mwenyekiti alinikumbusha kwamba ushuhuda hautaji majina ya watu. Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi shule niliishia darasa la nne. Nilichobaki nacho kichwani ni majina tu. Ukinikataza majina, nitasimama hapa nikohoe, nikae." Tukakubaliana hivi: nitawataja walionisaidia. Lakini wale ambao nao wameanguka na wakaficha, sitawataja, isipokuwa Dativa, aliyeniruhusu mwenyewe. Wanajijua. Wawili kati yao walikuwa wameinamisha vichwa nikiwa bado nasalimia.

Ndugu zangu, nawaambia, mgongo wangu haukuharibika siku moja. Nimepalilia kibanja cha Zakaria, shamba letu la migomba na mibuni, miaka hamsini na zaidi, nimeinama, jembe la mpini mfupi mkononi. Nimebeba mikungu ya ndizi kichwani, na magunia ya kahawa ambayo wanaume walisema watakuja kuyabeba baada ya kumaliza pombe yao. Kiuno kilianza kuuma taratibu, kama mgeni anayesema amepita kusalimia tu, kumbe amekuja na begi. Nilipokwenda hospitali wakanipiga picha, wakasema mifupa ya kiuno imesagika na njia ya mishipa imebana. Wakaniuliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unanitoka bila kujua. Nikasema hapana. Wakasema hiyo ni habari njema, ila siku nikiona moja ya hayo nisingoje hata kesho. Wakanipa dawa, wakaniandikia karatasi niende chumba cha mazoezi.

Mazoezi! Nilitoka pale nacheka. Mtu amelima nusu ya karne, anaambiwa akafanye mazoezi! Karatasi ile niliitumia kuwashia moto, na maharage yakaiva vizuri.

Anguko la kwanza lilikuwa msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Nani hapa hajawahi kupoteza akili kwa sababu ya senene? Asubuhi majani yamelowa umande, na wao wamelala wamepoa, wanakusubiri tu. Nilitoka na ndala za marehemu mume wangu, ambazo mguu wangu unaingia na nafasi inabaki ya mguu wa mtu mwingine. Nikaona mmoja mnene, wa kijani. Nikageuka. Ndala zikabaki zinaangalia mbele, mimi nikawa naangalia nyuma. Nilianguka ubavu, na senene yule akaruka akakaa begani kwangu kama anayenipa pole.

Watu waliniona, kwa hiyo Projestus alipata habari kabla sijajifuta matope. Akapiga simu. Nikamwambia ni kuteleza tu. Lakini moyoni niliogopa, na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani linaweza kufanywa na mtu wa migomba peke yake.

Nilijiuliza: mgomba ukielemewa na mkungu ukataka kuanguka, sisi tunafanya nini? Tunauwekea mti wa kuegemeza. Nikasema, basi na mimi nielemewaye na miaka, nitajiegemeza. Nikachonga fito mbili nyembamba, nikaziweka mgongoni moja huku na moja huku kutoka mabegani mpaka makalioni, nikazifunga na kamba za migomba mikavu, juu nikazungusha kanga, juu ya kanga nikavaa gauni. Nilinyooka! Nilijiona msichana. Maumivu nayo yakapungua wiki ya kwanza, nikajisifu kwamba nimewashinda madaktari.

Lakini nawaambia, tangu siku hiyo sikuweza kuinama, sikuweza kugeuka. Mtu akiniita kutoka nyuma, nilizunguka mwili mzima kwa hatua ndogondogo, kama kabati linalohamishwa na watu wasioelewana. Miguu yangu sikuiona tena. Nilijua ipo kwa sababu nilikuwa nafika.

Na jambo baya zaidi, niliacha kupiga magoti. Mnajua kwetu mwanamke anamsalimiaje mkubwa wake. Kwa umri wangu waliobaki wa kupigiwa magoti ni wachache sana, na wa kwanza ni huyu wifi yangu Kokushubila. Siku ya kwanza nilipoingia kwake na fito zangu nikamsalimia nimesimama wima kama askari, alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Yustina," akasema, "kuna kiongozi amefariki?"

"Hapana waitu," nikajibu, kwa neno letu la heshima.

"Basi mbona umenisimamia kama unapokea bendera?"

Sikumwambia kuhusu fito. Niliona aibu. Akachukua kile kikapu cha kahawa ya kutafuna ambacho kila mgeni hupewa, akakifunika, akakirudisha ndani. Ndugu zangu, mimi nimeolewa katika ukoo ule miaka mingi, sikuwahi kunyimwa kahawa. Nilirudi nyumbani njia nzima mdomo mkavu.

Anguko la pili lilikuwa mbele ya usharika mzima, na wengi wenu mlikuwepo, kwa hiyo siwezi kulipunguza. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Baada ya ibada tuko nje, sadaka zinapigwa mnada: mikungu, kuku, maboga, mayai. Mpiga mnada, mzee Eliabu, mume wa Ma Jenitha, ameinua mkungu wangu mimi mwenyewe, anapaza sauti: "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Nyuma yangu mtu akaniita. Nikaanza kuzunguka kama kabati. Mguu ukagonga boga.

Mtu mwenye mgongo wake akigonga boga, anapepesuka, anajirudisha, anacheka. Mimi sikupepesuka. Nilikwenda chini mzima, mnyoofu, kama mlango uliong'olewa, moja kwa moja juu ya kikapu cha mayai ya mama mmoja. Na Eliabu, ambaye mdomo wake ulikuwa umeshaanza safari, akamalizia: "Mara ya tatu! Ameuzwa!"

Kila mtu alicheka isipokuwa mwenye mayai. Akina mama walipokuja kuniinua wakashika mgongo wangu, mmoja akapiga yowe: "Mifupa imetoka nje!" Ilikuwa fito. Zilivutwa zote mbili pale pale, mbele ya mchungaji, na Eliabu akauliza kama nazo ni sadaka.

Jioni simu ikalia.

"Mama, nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Mayai, Mama. Na miti."

"Watu wa Kanazi wanaongeza chumvi."

"Wamenitumia picha."

Mambo ya picha yameharibu uongo wa wazee.

"Sikiliza, Mama," Projestus akasema, na sauti yake haikuwa ya utani. "Hili ni la pili. Ukianguka la tatu, nakuja na gari nakuchukua. Utakaa Mwanza na sisi. Chumba kipo. Sakafu ni ya vigae, inang'aa."

Nawaambia, kila mtu ana kitu anachokiogopa. Wengine wanaogopa mauti. Mimi niliogopa vigae. Na si vigae tu. Kaburi la Zakaria liko pembeni ya kibanja, na kila asubuhi nampitia nikamwambia habari za migomba, hata zile mbaya. Mwanza nitamwambia nani? Na nani atanisalimia? Nilikaa kule wiki mbili mwaka ule mkwe wangu alipojifungua, jirani akinipita anasema "Mambo," anakwenda. Mambo! Kwetu kwa muda huo ungekuwa hujafika hata kwenye kuuliza watoto.

Kwa hiyo nikaapa: sitaanguka tena. Na kwa kuwa nilianguka tena, nikaapa: hakuna atakayejua.

La tatu lilikuwa jikoni. Nikasema sufuria ndiyo iliyoanguka. La nne lilikuwa mlangoni. Anagrasia alipopiga simu akaona jeraha la paji kwenye ile simu ya kuonana uso, nikamwambia nimegombana na mbuzi. Akauliza mbuzi gani, maana sina mbuzi. Nikasema wa jirani, na kijijini nikawaambia hivyo hivyo. La tano na la sita sitaki hata kuyasema, moja lilihusu choo. Na baada ya kila anguko nilizidi kuogopa, na kadiri nilivyoogopa nilipunguza kutembea, na nilipotembea nilijikaza mwili wote, tumbo, mabega, meno. Fito zilikuwa zimetolewa, lakini nilizibeba ndani. Niliacha kwenda kanisani. Nilisema ni mvua. Mwezi wa nane ule, jua linawaka.

Sasa nifike kwenye la saba, maana hapo ndipo Mungu alipochoka na mimi.

Ilikuwa asubuhi, mnaotoka makanisani mnapita njiani. Niliingia kibanjani kuangalia mkungu mmoja mkubwa ambao mti wake wa kuegemeza ulikuwa umehama. Nikasikia kitu kimelia nyuma, nikajigeuza wote kwa pamoja kama kawaida yangu, na nikaenda chini. Safari hii nilianguka kifudifudi kwenye matandazo, pua ndani ya majani makavu. Sikuumia. Lakini kuinuka nilishindwa. Nilijaribu kujisukuma kwa mikono, mgongo ukakataa. Nikalala pale nikitazama mdudu.

Mara nikasikia ndala za Dativa njiani. Kati yetu kulikuwa na mibuni, kwa hiyo hakuniona chini. Alikuwa ameona tu mlango wangu uko wazi. Na mdomo wa Dativa, samahani Dativa, unafika Mwanza kabla ya meli.

"Ma Yustina, wasibota!" akaita. Hiyo ndiyo salamu yetu ya mchana, ingawa mchana ulikuwa bado.

Ningefanya nini? Salamu haikataliwi. Nikajibu pale pale nilipo, nikijitahidi sauti itoke kama ya mtu aliyesimama. "Wasibota waitu!"

"Mmeamkaje?"

"Tumeamka salama."

"Watoto wa Mwanza?"

"Wazima."

"Na wa Kimwani?"

"Wazima, wanakusalimia."

"Na ng'ombe?"

"Dativa, ng'ombe alikufa, ulikula nyama yake."

"Nauliza kwa heshima tu. Unafanya nini humo?"

"Napalilia."

"Jumapili?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau siku. Nikafikiri haraka. "Nilisema napalilia? Nasali."

"Kibanjani?"

"Bwana Yesu naye alisali bustanini."

"Alipiga magoti," Dativa akasema. "Sauti yako, bojo, inatoka chini kuliko magoti."

Nikasikia mibuni inasukumwa. Nikafumba macho, kama mtoto anayedhani asipoona haonekani. Akafika, akasimama juu yangu. Nikangoja kicheko. Nikangoja aanze kupiga yowe la kuita kijiji. Badala yake nikasikia anapumua kwa shida, anashuka, anashuka, mpaka akaketi chini kando yangu na gauni lake la kanisani.

"Hii ni ya ngapi?" akauliza.

"Ya tatu," nikasema.

"Yustina."

"Ya saba."

Akasema polepole, "Mimi ni mara nne. Kiuno. Nimewaambia watu ni baiskeli."

"Huna baiskeli."

"Na wewe huna mbuzi."

Nawaambia, nilitamani kulia, lakini kabla sijaanza likaja tatizo jingine: Dativa naye alishindwa kuinuka. Akajaribu mara moja, akajaribu mara ya pili. Akasema, "Ngoja nishike huu mti." Nikamwambia, "Dativa, usishike huo, huo ndio unaoshikilia..." Akaushika, akauvuta kwa nguvu zake zote. Mti ukaja. Mgomba ukasema kraa, ukainama taratibu kama anayetusalimia kwa heshima, na mkungu ule mkubwa ukatua kwenye majani, hatua moja kutoka kichwani kwangu.

Sasa tulikuwa watatu chini.

Dativa akautazama mkungu, akautazama mti ulioko mkononi mwake, akasema, "Waitu, wasibota." Aliusalimia mkungu! Tulicheka. Nilicheka mpaka tumbo likaruka, mpaka mbavu zikacheza, nikajiviringisha kwenye matandazo kama punda. Na katika kule kucheka nikagundua kwamba nimegeuka. Nilikuwa kifudifudi, sasa nimelala ubavu, na mgongo haujavunjika. Umeuma kidogo, umepumua. Tangu nilipojifunga fito nilikuwa sijaruhusu kicheko kipite kiunoni.

Tulitambaa wote wawili mpaka kwenye mbuni mzee, tukajiinua kwa matawi, mmoja anasukuma, mwingine anavuta. Dativa akatikisa gauni. Akasema, "Kesho tunakwenda ile sehemu ya mazoezi. Mimi karatasi yangu ninayo."

"Ya kwangu nilipikia maharage," nikasema.

Ndivyo tulivyofika kwa Asimwe. Baada ya kumaliza habari za ukoo, akanitembeza, akanigeuza, akanikalisha na kunisimamisha. Akauliza, "Bibi, ukianguka unaangukaje?"

"Kama ubao."

"Na ukitembea unatembeaje?"

"Kama ubao."

"Basi bibi umejijibu."

Akanieleza kwa maneno ninayoyaweza. Mgongo si gogo, ni maungio mengi. Mguu ukiteleza, kiuno na mgongo hucheza haraka kuurudisha mwili katikati, hata hujui kama umecheza. Mtu wa kiuno kibovu anaogopa maumivu, anaukaza mgongo. Akishaukaza hawezi kujirudisha. Asipoweza kujirudisha anaanguka. Akianguka anazidi kuukaza. Nikamwambia mimi sijaja kufundishwa kucheza, mimi ni mjane na ni Mlutheri.

Akatabasamu. "Bibi, mgomba ukiuwekea mti na kamba, unaikaza kamba?"

"Hata kidogo. Unailegeza."

"Kwa nini?"

"Mgomba uliokazwa, upepo ukija hauyumbi, unakatika."

Akanitazama tu. Nilikasirika sana. Miaka yote nimewafundisha wake za watu kulegeza kamba kibanjani, halafu nikaenda nyumbani nikajikaza mwenyewe kama mzigo wa kupelekwa sokoni.

Akatupa kazi. Kwenye mkeka, kwa mikono na magoti, kuukunja na kuukunjua mgongo kama ng'ombe anayeamka. Kukaa kwenye kigoda na kugeuka taratibu, kama unayemtazama mtu aliyechelewa kanisani. Hilo Dativa alilijua tangu zamani. Kusimama kwa mguu mmoja umeshika meza. Kuinuka kwenye kiti bila mikono. Ndala za marehemu zikapigwa marufuku. Nilizizika pembeni ya kaburi lake, achukue zake. Mwisho akatufundisha namna ya kuinuka kutoka chini: jiviringishe ubavu, simamia mikono, leta magoti, weka mguu mmoja mbele, panda.

Nikamwambia, "Hiyo ya magoti si mazoezi. Hiyo ni heshima. Tumefundishwa na mama zetu, nami niliiacha siku nilipojifunga fito."

"Basi bibi," akasema, "siku ulipoacha heshima ndiyo siku uliyoacha mazoezi."

Tulifanya kila siku, Dativa na mimi, mkeka chini ya mibuni. Haikuwa rahisi, na siwadanganyi kwamba maumivu yamekwisha. Leo asubuhi kiuno kilinisalimia kabla yenu. Wiki za kwanza Dativa alilalamika mpaka kwa watakatifu wake wote, mmoja mmoja. Lakini mwezi wa pili niliweza kuvaa soksi bila kuomba. Mwezi wa tatu nikaenda kwa wifi yangu Kokushubila. Nikafika mlangoni, nikashika fremu kidogo, nikashuka. Magoti yote mawili. Nikasalimia salamu nzima, bila kuruka hata mjomba mmoja.

Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Umeanza tena kunijua?"

Nikamweleza yote, fito na mayai na mbuzi asiyekuwepo. Akaniacha pale chini mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Sasa inuka nione." Nikainuka. Akaingia ndani akaleta kikapu cha kahawa.

Krismasi watoto wakaja. Kikao kikakaliwa sebuleni: Projestus, Anagrasia, na Kokushubila kwenye kiti kikubwa kwa kuwa yeye ndiye shangazi wa ukoo. Begi langu niliona limeshatolewa juu ya kabati. Anagrasia alikuwa amemwambia kaka yake habari za paji la uso na mbuzi.

Projestus akaanza: "Mama, niambie ukweli. Umeanguka mara ngapi?"

Ndugu zangu, ningeweza kusema mbili. Dativa alikuwa ameapa kunyamaza, na kwa Dativa huo ni msalaba mzito. Lakini nikamwangalia mwanangu, nikaona ana mvi. Nikasema, "Saba. Ya mwisho nilishindwa kuinuka kibanjani."

Sikutegemea alichofanya. Hakukasirika. Alifunika uso kwa mikono, mtu mzima yule. "Saba," akasema. "Mama, ya saba ulilala pale muda gani?"

"Mpaka Dativa alipopita."

"Na kama asingepita?"

Hapo sikuwa na utani. Nilikuwa nimehesabu vigae, kaburi, salamu, lakini sikuwahi kuhesabu usiku anaolala Mwanza akisikia simu haipokelewi. Nikamwambia, "Mwanangu, sheria yako ya mara ya tatu ndiyo iliyonifunga mdomo. Nilikuogopa wewe kuliko sakafu. Nisamehe kwa uongo, na wewe niondolee sheria."

"Na ukianguka tena nani atakuinua?"

Nikashuka sakafuni pale mbele yao, nikalala kabisa kifudifudi. Anagrasia akapiga kelele. Nikajiviringisha ubavu, nikasimamia mikono, nikaleta magoti, nikaweka mguu mbele, nikapanda. Polepole, na goti moja lililia kama mlango, lakini hakuna aliyenigusa.

Ndipo wifi yangu akagonga fimbo. "Projestus. Huyu ndiye mtu pekee aliyebaki Kanazi anayejua kunisalimia mpaka mwisho. Ukimpeleka Mwanza, huko atampigia nani magoti? Vigae?"

Begi likarudishwa juu ya kabati. Tulikubaliana hivi: mikungu sikati mimi, analetwa mtu wa kukata. Majani yenye umande nayaacha mpaka jua litoke, hata senene wakiniita kwa jina. Kila asubuhi Dativa ananiita kutoka njiani, nami namwitikia nimesimama, nisipoitika anaingia. Na nikianguka, nasema siku hiyo hiyo, na Projestus hatakuja na begi, atakuja na pole. Nimeshateleza mara moja tangu hapo, kwenye ganda la ndizi nililolitupa mwenyewe. Kiuno kikacheza huku, kikacheza kule, nikabaki wima. Nilimpigia simu nikamwambia hata hiyo.

Namshukuru Asimwe, ambaye hakunicheka mpaka niliporuhusu. Namshukuru Dativa kwa kuketi chini badala ya kusimama juu yangu. Nawashukuru wanangu kwa kuniogopea, na wifi yangu kwa kuninyima kahawa, maana bila hivyo nisingejua ninachopoteza. Namshukuru Mungu aliyeweka maungio mgongoni kwa sababu zake.

Na mnaoficha, mliokaa mkiangalia miguu yenu wakati nasema: hamtaanguka kwa kuinama, mtaanguka kwa kujikaza. Ombeni msaada mapema. Aliyeanguka akasema huinuliwa. Aliyeanguka akaficha hubaki anazungumza na wadudu.

Hayo ndiyo niliyoyasema, kama ninavyoyakumbuka. Dativa anadai kwamba kwenye mgomba hakusema "bojo", lile neno letu la kubembeleza, na kwamba mimi ndiye niliyeusalimia mkungu. Mwenye mayai anadai yalikuwa vikapu viwili. Mzee Eliabu hakumbuki kabisa kwamba aliniuza. Inawezekana nimekosea mahali, umri ni umri. Atakayeona kosa asiniandikie. Aje nyumbani anisahihishe kwa mdomo, aanze na salamu, zote. Nipo hapa hapa Kanazi. Sijaenda kokote.